Je, Wajua? Msimamizi Anapokula Mirathi

Je, wajua kuwa nchini Tanzania kikao cha ukoo hakiwezi kumvua mtu usimamizi wa mirathi? Ukoo hupendekeza jina tu. Mahakama ndiyo humteua, na ndiyo humtoa. Kwa hiyo, ndugu yangu, kama baba mdogo anauza mabati ya marehemu, vikao pekee havitoshi!

Shika na hili: msimamizi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo ana miezi 4 tu kuwasilisha Fomu Na. 5, yenye mali zote na madeni yote ya marehemu. Kisha inafuata Fomu Na. 6, ya hesabu: kimekusanywa nini, nani kapewa nini. Mrithi, nenda kaulizie jalada. Ukikuta fomu hazimo na muda umepita, tayari una hoja mkononi!

Vuka mpaka. Kenya, mahakama inaweza kufuta hati ya usimamizi wakati wowote, hata bila mtu kulalamika! Anayechezea mali ya marehemu bila hati? Faini hadi shilingi 10,000, au jela hadi mwaka 1, au vyote viwili. Faini yenyewe ni ndogo mno, lakini subiri: anadaiwa pia mali aliyoigusa.

Sasa kaa vizuri. London, mwaka 1726: mdhamini, yaani mtu anayeshika mali kwa niaba ya mwingine, alimshikia mtoto mkataba wa pango la soko la Romford. Mkataba ulipokwisha, mwenye soko akakataa kumwongezea mtoto muda, basi mdhamini akajichukulia mkataba mwenyewe. Mahakama ikamwambia: mkataba na faida yake vyote ni vya mtoto! Ndiyo, hata kama mtoto asingeupata kamwe.

Hata mzazi anaweza kula mali ya mtoto. Je, wamkumbuka Jackie Coogan, yule mtoto aliyeigiza na Charlie Chaplin mwaka 1921? Aliingiza mamilioni ya dola, mama yake na baba wa kambo wakazitafuna. Alishtaki mwaka 1938, akaambulia dola 126,000 hivi. Leo California, asilimia 15 ya kipato cha mtoto msanii huwekwa akiba ambayo mzazi hawezi kuigusa.

Umekata tamaa kwa kuwa miaka imepita? Kenya, ukomo wa muda wa kushtaki haumwokoi mdhamini aliyefanya ulaghai, wala anayeendelea kukalia mali ya amana, yaani mali anayowashikia wengine. Hata ipite miaka 30!