Faili la mwisho ndilo linaloshinda

Katika Magento 2, mfumo wa maduka ya mtandaoni uliotoka mwaka 2015, klasi haijitengenezei vifaa inavyovihitaji. Huvitaja kwenye konstrakta, na mfumo huiletea. Nani apewe nini huandikwa katika faili liitwalo di.xml. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha namna duka linavyokokotoa gharama za usafirishaji, huna haja ya kugusa msimbo wa asili. Unaandika moduli yako na di.xml yake.

Tatizo ni kwamba kila moduli inaweza kuja na di.xml yake, na moduli ni nyingi, zaidi ya mia. Magento huanza kusoma app/etc/di.xml, hufuata za moduli kwa mpangilio ulio katika config.php, kisha zile za eneo husika: etc/frontend kwa upande wa mteja, etc/adminhtml kwa msimamizi. Mbili zikigongana, iliyosomwa baadaye huifuta ya kwanza, tena bila onyo lolote.

Tuseme umenunua moduli ya kodi na nyingine ya punguzo, kila moja imeandika hivi kwa jina lake, ili klasi yake ichukue nafasi ya Quote:

<preference for="Magento\Quote\Model\Quote" type="Kodi\Model\Quote"/>

Moja tu ndiyo itakayofanya kazi. Nyingine itaonekana imewashwa, lakini klasi yake haitaitwa kamwe. Mtu anaweza kukesha akisaka hitilafu katika msimbo usio na kosa. Kupanga foleni upya kwa sequence ndani ya module.xml hubadilisha mshindi tu. Anayeshindwa bado yupo.

Ndiyo maana naiona preference juu ya klasi kuwa hatua ya mwisho kabisa. Kabla ya kuifikia kuna plagini: hii hushika fankisheni unazozichagua tu, kabla au baada yake, na plagini kadhaa hukaa pamoja kwa zamu ya sortOrder. (Haziwezi kugusa fankisheni iliyo final au private.) Aina ya around, inayoizunguka fankisheni, naiepuka: ukisahau kuita $proceed, fankisheni ya asili haitekelezwi. Ukitaka kubadilisha kifaa kimoja cha konstrakta, arguments ndani ya type zinatosha. Plagini ya mwingine inayokukwaza huzimwa kwa kurudia jina lake herufi kwa herufi, chini ya type ileile, na kuongeza disabled="true".

Kabla ya kulipia moduli yoyote, omba uone di.xml zake na utafute neno preference. Ukilikuta juu ya klasi ya msingi kama Quote, mwulize muuzaji kwa nini plagini haikutosha.