Aliporudi Nyumbani Bila Mshahara

Atokaye Bunda kwenda Musoma, akifika Makutano na kushika njia ya mashariki, huingia Butiama. Wengi hukitaja kijiji hicho kwa sababu ya kaburi lililopo pale tangu mwaka 1999. Sisi leo tunautazama mwaka 1955.

Machi mwaka ule Mwalimu Julius Nyerere alizungumza mjini New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporejea alitakiwa achague: kufundisha Pugu au siasa. Akaacha kazi. Alikuwa na mke na watoto wadogo, na TANU haikuwa imetimiza mwaka. Akarudi kwao Musoma.

Wako wanaodhani kwamba arudiye kijijini ameshindwa. Hatuoni hivyo. Miezi ile alimfundisha padri wa Maryknoll Kizanaki na kumsaidia kutafsiri, riziki ikapatikana. Kabla mwaka haujaisha alikuwa Dar es Salaam tena, ambako Abdulwahid Sykes, Mwislamu, alimpokea nyumbani kwake Kariakoo. Nia peke yake haimlazi mtu wala haimlishi. Ilibidi mlango ufunguliwe, na aliyeufungua hakuuliza mgeni anasali wapi.

Vikwazo havikwisha. Mwaka 1957 serikali ilimpiga marufuku kuhutubia hadhara. Agosti 1958 mahakama ikamtia hatiani kwa kashfa: faini shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Faini ikalipwa. Mwezi uliofuata, Septemba, akachaguliwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria.