Gofu: Kurekebisha Mpira Unaopinda Kulia

Utangulizi

Gofu si mchezo mgeni nchini Kenya. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, na mashindano ya Kenya Open yakaanza mwaka 1967. Hata hivyo, maelezo ya ufundi wake kwa Kiswahili ni haba. Makala haya yananuia kufafanua kosa moja linalowasumbua wanagenzi wengi: mpira unaoruka vyema, kisha ukapinda kulia na kutumbukia vichakani. Maelezo yanamhusu anayepiga kwa mkono wa kulia. Wa shoto ageuze pande.

Chanzo cha kosa

Mpira haupindi kwa bahati mbaya. Mambo mawili huamua mruko wake: mwelekeo wa uso wa fimbo na njia inayofuatwa na fimbo yenyewe. Mpira huanza safari karibu na kule unakoelekea uso. Uso ukitazama kulia kwa njia hiyo, mpira huzunguka kwa mhimili ulioinama kulia, nayo hewa huusukuma upande huo. P. G. Tait, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliuchunguza mzunguko wa mpira wa gofu katika miaka ya 1890.

Aghalabu mwanagenzi hujitibu kwa kulenga kushoto. Dawa hiyo huzidisha ugonjwa. Mabega yakielekea kushoto, fimbo huukata mpira kutoka nje kuja upande wa mwili; pengo baina ya njia na uso hupanuka, na mpira hupinda zaidi. Wala uso hauwezi kurekebishwa wakati wa kugonga, kwani mgusano huo haufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Sharti marekebisho yatangulie.

Namna ya kurekebisha

Kwanza, mshiko. Mkono wa kushoto ugeuzwe kulia juu ya mpini hadi mchezaji aone vifundo viwili au vitatu vya vidole vyake. Mshiko huu huusaidia uso wa fimbo kujifunga kwa wakati.

Pili, msimamo. Miguu, nyonga na mabega yawe sambamba na mstari wa shabaha. Kwa fimbo ndefu ya kuanzia, mpira uwe mkabala na kisigino cha kushoto. Ukisogezwa mbele mno, mabega hufunguka.

Tatu, njia. Fimbo inapoteremka, nyonga zitangulie, mabega yafuate. Kasha tupu la karatasi likiwekwa kando ya mpira, upande ulio mbali na mchezaji na nyuma kidogo, litamfichua: fimbo ikiligusa, bado inatoka nje.

Mazoezi yaanze kwa fimbo fupi na mapigo ya nusu. Kila badiliko lijaribiwe peke yake, la sivyo haitajulikana lililofaa.

Hitimisho

Mwaka 1967, mwanaisimu S. Pit Corder alisisitiza kwamba makosa ya mwanafunzi wa lugha ni ushahidi wa namna anavyojifunza. Kiwanjani pia mambo ni yayo hayo: mpira uliopotea vichakani umekwisha kusema kasoro iko wapi. Anayelenga kushoto anaunyamazisha ushahidi huo. Samaki mkunje angali mbichi. Pigo lililozoeleka kwa miaka mingi ni gumu kunyooshwa.