Spika ya kuzeeka nayo: funga macho, fungua masikio

VIJANA wa mjini tuna ugonjwa wetu. Tukishika mshiko kidogo tu, cha kwanza ni muziki wa geto. Kitanda kitasubiri, kabati litasubiri, lakini muziki lazima ulie, tena mtaa mzima ujue. Hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu uko hapa. Baada ya miaka miwili mitatu ule muziki umeshaanza kukoroma, unauzwa kwa bei ya kutupa, na safari inaanza upya. Hebu piga hesabu. Mtu anayenunua muziki mpya kila baada ya miaka mitatu, tangu akiwa na miaka 22 mpaka anafika 52, atakuwa amenunua mara 11! Jumlisha hizo pesa zote, halafu uniambie kama spika za maana ni anasa au ni akili.

Spika ya kuzeeka nayo ipo, msomaji wangu, na si hadithi. Katika muziki wa nyumbani karibu kila kitu hupitwa na wakati, isipokuwa spika. Deki za kanda zilitamba zikaondoka, CD zikafuata, leo nyimbo ziko kwenye simu. Spika yenyewe inafanya kazi ileile: koili iliyo kwenye sumaku inasukuma koni, koni inasukuma hewa, wewe unatikisa kichwa. Mpango huo ulionyeshwa na Chester Rice na Edward Kellogg wa Marekani mwaka 1925, na hadi leo ndio unaotawala.

Chukua mfano wa spika inayoitwa LS3/5A. Ilibuniwa na mafundi wa BBC huko Uingereza miaka ya 1970, kwa ajili ya magari yao ya kurekodia nje ya studio, ambamo spika kubwa hazikuenea. Ni kadogo, kimo kama sentimeta 30 tu. Kampuni kama Rogers, Spendor, Harbeth na KEF zilipewa leseni ya kuitengeneza. Wapo watu wanaosikilizia spika hizo za enzi hizo mpaka leo, na nyingine mpya bado zinatengenezwa, jozi moja kwa zaidi ya pauni 2,000. Sifa yake ni sauti ya binadamu, utadhani mwimbaji yumo chumbani. Lakini besi nzito usiitafute humo, na ukitaka kumtikisa jirani, umekosea njia.

Sasa tuingie dukani. Muuzaji atakuambia, "Kaka, hii mashine wati 5,000!" Tazama vizuri maandishi kwenye boksi, utakuta herufi PMPO. Hizo ni wati za kufumba na kufumbua, na kila mtengenezaji anazihesabu anavyopenda mwenyewe. Wati za kuulizia ni zile za RMS, ambazo mashine inazitoa mfululizo bila kuhema. Mashine ya "5,000" ukiipima hivyo unaweza kukuta haifiki hata 100. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kuna namba nyingine ambayo wengi hawaiulizi: spika inatoa sauti kiasi gani ikipewa wati moja, ukiwa umesimama mita moja mbele yake. Inapimwa kwa desibeli. Kila desibeli tatu zikiongezeka, nusu tu ya nguvu inatosha kutoa sauti ileile. Ile LS3/5A ina kama 83. Klipschorn ya Marekani, dude la kukaa kwenye kona ambalo Paul Klipsch alianza kulitengeneza miaka ya 1940 na bado linatengenezwa, linatangazwa kuwa na 105. Tofauti ya hapo ni nguvu mara zaidi ya 100! Kwa hiyo usinunue spika bila kujua amplifaya yako ina ubavu gani. Na usidhani amplifaya ndogo ni salama. Ukiikaba mpaka mwisho inaanza kukwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaounguza twita.

Baada ya namba, weka karatasi pembeni. Nenda dukani na nyimbo zako, zile unazozijua mpaka pumzi ya mwimbaji. Kama wewe ni mtu wa dansi, beba Mlimani Park, Msondo au Franco. Fumba macho. Magitaa yanapopishana, je, unaweza kulifuata moja bila kulipoteza? Tarumbeta zikiingia zinang'aa, au zinakuchoma masikio? Mwimbaji amesimama katikati ya spika mbili, au yumo ndani ya pipa?

Halafu mwambie muuzaji apunguze sauti. Hapa ndipo wengi wanapoumbuka! Masikio yetu yanadanganyika kirahisi: kinacholia kwa nguvu zaidi tunakiona ndicho kizuri. Ukilinganisha spika mbili, hakikisha zinalia sawa. Na usiwe na haraka, kaa nusu saa nzima. Spika yenye twita kali inakupa mzuka dakika tano za kwanza, ikifika dakika ya 30 unatafuta mlango uko wapi. Ya kuzeeka nayo haichoshi.

Jingine ni chumba. Vyumba vyetu vya zege na vigae vinarudisha mwangwi, na spika ikibanwa kwenye kona besi inavimba kama maandazi. Isipokuwa zile zilizobuniwa kwa ajili ya kona, zivute mbele kidogo kutoka ukutani, twita iwe usawa wa masikio yako ukikaa, na wewe na spika mbili mfanye pembetatu. Pazia zito na zulia vinasaidia kuliko waya wa bei mbaya. Kama una chumba kimoja, achana na minara mirefu. Spika ndogo ya maana inaishinda kubwa ya ovyo. Na kama muuzaji anakubali, zijaribu nyumbani kwako kabla ya kutoa pesa yote.

Mwisho, ichunguze kama unayekagua posa. Gusa ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa sponji, ujue kwamba miaka inavyokwenda utakuja kumeguka kama mkate mkavu, na joto na unyevu wa pwani yetu vinauharakisha. Sponji fundi mzuri anaibadilisha, lakini ukingo wa mpira au kitambaa kwa kawaida unadumu zaidi. Uliza kama woofa na twita zake zinapatikana peke yake. Zile spika zenye betri na amplifaya ndani ni tamu kwa pikiniki, lakini betri inachoka, bodi inakufa, na vipuri vyake ni kazi kuvipata. Spika ya kawaida isiyochomekwa kwenye umeme haina bodi ya kuungua, hata umeme ukatike na kurudi mara kumi kwa siku. Ikiumia, fundi anaifungua.

Kwa hiyo kama mfuko ni mdogo, ushauri wangu ni huu: mshiko mwingi upeleke kwenye spika, amplifaya iwe ya kawaida tu, na kingine chochote utakibadilisha taratibu. Hata spika za mitumba zisikutie aibu, ili mradi umezisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine, na hakuna inayokwaruza.

Washikaji watakuja geto waulize wati ngapi. Usibishane nao. Waweke chini, weka wimbo wanaoupenda, na uwaache wasikie gitaa ambalo miaka yote hawakujua kama limo. Hiyo ndiyo babu kubwa! Na siku mwanao akianza kuzikodolea macho, utajua hesabu yako ilikuwa sawa.