Jicho, Kamera na Kiwiko cha Mrushaji

Wasikilizaji wangu, leo nataka kuwaeleza jinsi wataalamu wanavyopima mwendo wa viungo vya mchezaji kwa kamera. Nitaanza na jambo la nyumbani. Jioni mkiwasha taa, twaeni kijiti kilichopinda katikati, mkishike baina ya taa na ukuta, kisha mkizungushe polepole. Tazameni kivuli chake. Mara kivuli kimepinda, mara kimenyoka sawasawa, mara kimepinda tena; nanyi mwajua ya kuwa kijiti chenyewe hakikubadilika hata kidogo. Likumbukeni jambo hili, maana kwa ajili yake mtu mmoja nusura apoteze kazi yake na jina lake jema.

Mtu huyo ni Muttiah Muralitharan, mzaliwa wa Kandy katika kisiwa cha Sri Lanka, na mchezo wake ulikuwa kriketi. Katika kriketi mtu mmoja hurusha mpira, na mtu wa upande wa pili huupiga kwa ubao. Lakini mrushaji amekatazwa kuutupa mpira kama mtoto atupavyo jiwe kuangusha embe. Tofauti iko katika kiwiko. Atupaye jiwe hukunja kiwiko, kisha hukinyosha kwa nguvu. Mrushaji wa kriketi huuzungusha mkono mzima kutoka begani, wala hana ruhusa kukinyosha kiwiko tangu mkono ufikapo usawa wa bega mpaka mpira umtoke. Angalieni sana hapo: mkono uliopinda si kosa. Kosa ni kuunyosha.

Basi Muralitharan alizaliwa na kiwiko kisichoweza kunyoka kabisa. Tarehe 26 Desemba 1995, katika mji wa Melbourne, Australia, mwamuzi alimhukumu mara saba, mbele ya maelfu ya watu, kwamba anatupa. Siku chache baadaye, mwezi wa Januari 1996, mwamuzi mwingine alimhukumu vivyo hivyo katika mji wa Brisbane. Kwa mrushaji, neno hilo ni sawa na kuitwa mwizi.

Siwalaumu waamuzi hao, kwa kuwa walisema walichokiona. Shida ni kwamba jicho la binadamu halikuumbwa kwa mambo ya upesi namna hiyo. Geuzeni baiskeli juu chini, mlizungushe gurudumu kwa nguvu, kisha mjaribu kuvihesabu vyuma vyake vyembamba! Kwa karne nyingi wachoraji walimchora farasi aendaye mbio akiwa amenyosha miguu ya mbele mbele na ya nyuma nyuma, yote hewani. Mwaka 1878, huko Palo Alto katika nchi ya Marekani, Mwingereza aitwaye Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kwa safu, na farasi alipopita alizikata nyuzi, kila uzi ukafungua kamera yake. Ikaonekana kwamba kweli miguu minne huiacha ardhi pamoja, lakini huiacha wakati imekusanyika chini ya tumbo. Wachoraji wote walikuwa wamekosea. Katika miaka ya 1880 Mfaransa Étienne-Jules Marey akaenda mbele zaidi: aliwavika watu nguo nyeusi zenye mistari myeupe kando ya mikono na miguu, akawapiga picha nyingi wakikimbia na kuruka, hata picha ikabaki na mistari mitupu, kama mifupa inayotembea. Nguo ile nyeusi ndiyo mama wa kazi ya leo.

Mimi huwafundisha vijana wa chuo cha ualimu kuruka juu. Mara moja nilimkaripia kijana kwamba anachelewa kuinua goti. Nikamkaripia muhula mzima. Kisha mwenzake alimpiga picha ya kwenda kwa simu ya mkononi, tukaitazama polepole. Goti lilikuwa juu zamani. Kosa lilikuwa katika mguu wa kurukia, ambao alikuwa akiukanyagisha karibu mno na mwamba. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, naye aliona haya kuliko mimi.

Hata hivyo simu ni jicho moja, na jicho moja huona kivuli tu, kama kile cha kijiti ukutani. Mkono uliopinda ukizunguka begani, atazamaye kutoka upande mmoja huuona kama umekunjwa kisha ukanyoshwa. Kwa hiyo wataalamu huzizungusha kamera nyingi pande zote za mchezaji. Mwilini mwake hubandika vidude vya mviringo, vidogo kama gololi, vinavyorudisha nuru: begani, kiwikoni, penye kifundo cha mkono. Kila kamera hupiga picha mamia kwa nukta moja ya saa. Kompyuta hutwaa picha za kamera zote za dakika ile ile moja, ikatafuta kila kidude kilikuwa mahali gani hasa, juu, chini, mbele au kando; kisha hupima pembe ya kiwiko, picha kwa picha.

Muralitharan alipimwa hivyo mwaka 1996 katika Chuo Kikuu cha Western Australia mjini Perth, na huko Hong Kong pia. Jibu lilikuwa kwamba macho ya watu yalidanganyika kwa sababu ya kiwiko chake kilichopinda, na bega lake lizungukalo kupita kawaida. Alirudi uwanjani.

Mambo hayakwisha. Mwaka 2004 alishtakiwa tena kwa mpira wake wa namna moja, ule unaogeukia upande usiotazamiwa. Akapimwa Perth, na safari hii kipimo hakikumpendeza: kiwiko kilinyoka karibu digrii 14. Ili mpate picha, mkono mrefu wa saa ukienda dakika mbili na nusu, umepita digrii 15. Sheria ya wakati ule iliwaruhusu warushaji wa taratibu kama yeye digrii 5 tu. Alijizoeza akashuka hata karibu 10, lakini bado alikuwa amezidi, na mpira ule akakatazwa. Mwaka huo huo alifungwa chuma mkononi ili kiwiko kisiweze kunyoka, akarusha mbele ya kamera za televisheni. Na hata hivyo ilionekana kana kwamba chanyoka.

Hapo wakuu wa kriketi wakauliza swali ambalo lilipasa kuulizwa mapema: na hao wengine je? Wakawapima warushaji wa mataifa mengi. Karibu kila mtu alikuwa akinyosha kiwiko kidogo, hata baadhi ya wale waliosifiwa kwa unyofu wa mkono. Mipaka ya zamani ilikuwa imewekwa kwa kukisia. Tangu Machi 2005 mpaka mmoja, digrii 15, ukawekwa kwa wote.

Wako waliosema sheria ilipindishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Mimi sikubali, maana kipimo kilekile kilichomkataza mwaka 2004 ndicho kilichowafichua wenzake. Neno moja tu ninawakubalia wenye shaka: mtu apimwaye chumbani huenda asirushe kama arushavyo uwanjani, mchezo ukiwa umepamba moto.

Watu wa Nairobi walimwona kwa macho yao tarehe 24 Februari 2003, siku Kenya ilipoishinda Sri Lanka katika Kombe la Dunia. Mwezi wa Julai 2010, katika mji wa Galle, alicheza mchezo wake wa mwisho wa siku tano. Mpira wake wa mwisho kabisa ulimtoa mpigaji, naye akatimiza wapigaji 800, hesabu ambayo hapana mwingine aliyeifikia.