Ukubwa wa Skrini Si Ubora Wake

Nyumba nyingi siku hizi zimeingiza kompyuta kwa ajili ya masomo ya watoto au biashara ya mama. Aghalabu mnunuzi wa monita huuliza swali moja tu dukani: "Hii ni inchi ngapi?" Swali hilo peke yake halitoshi, na huenda likaipotezea familia fedha zake.

Inchi za skrini hupimwa mshazari, kutoka pembe ya juu hadi pembe ya chini iliyo mkabala nayo. Inchi 24 ni takriban sentimita 61. Kipimo hicho hueleza ukubwa wa uwanja, hakielezi uzuri wa picha. Picha huundwa na vitone vidogo viitwavyo pikseli. Skrini iliyoandikwa 1920 kwa 1080 ina vitone zaidi ya milioni mbili. Vitone hivyo hivyo vikitandazwa kwenye inchi 32, kila kimoja hukua na herufi hupoteza ukali wake. Mfano wake ni kofia ya vitobo: vitobo vile vile vikitawanywa katika kitambaa kipana, ua hupwaya.

Pili, ulizeni aina ya kioo. Kioo cha TN ni cha bei nafuu, lakini rangi hubadilika ukikitazama kutoka ubavuni. Cha IPS huhifadhi rangi, hivyo chamfaa mshonaji anayechagua vitambaa, au ndugu wawili wanaosoma pamoja.

Tatu, kasi. Hezi 60, yaani picha kuhuishwa mara 60 kwa sekunde, yatosha kwa masomo na kazi za ofisi.

Nne, tundu za waya. HDMI hupitisha picha na sauti. VGA, iliyoanza mwaka 1987, hupitisha picha pekee. Hakikisheni zinalingana na za kompyuta yenu.

Ikiwa ni ya mtumba, muuzaji aiwashe, aonyeshe weupe mtupu, kisha weusi. Kitone kisichobadilika kimeharibika.

Nyumbani, skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho, na dirisha liwe ubavuni. Kila dakika 20, mtoto atazame kitu kilicho mbali kiasi cha mita 6 kwa sekunde 20, macho yapumzike.

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Muuzaji akisifu ukubwa, nanyi muulizeni vitone, kioo, kasi na tundu.