Ramani ya Mji na Mshonaji

Ndugu wafanyakazi, sheria za viwanja si mambo ya wahandisi peke yao. Mwaka 1915 mjini New York, Marekani, jengo la Equitable lenye ghorofa 38 lilimalizika, likatia giza mitaa jirani. Mwaka 1916 jiji likapitisha sheria: majengo marefu yarudi nyuma kadiri yanavyopanda, mwanga na hewa vifike barabarani.

Hilo twalisifu. Lakini sheria hiyo hiyo ilitenga pia maeneo ya makazi na biashara. Wenye maduka ya Fifth Avenue waliipigania, maana hawakutaka washonaji wa viwanda vya nguo, wengi wao wahamiaji, wajaze njia saa ya chakula cha mchana.

Basi ramani inapochorwa kwenu, chama kiulize: mfanyakazi amewekwa wapi?